Usigombane na Mlango wa Oveni
Mlango wa oveni ukigoma kufunguka, wengi hukimbilia bisibisi, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Oveni zinazojisafisha zenyewe, zilizozoeleka sana Marekani, hupandisha joto hadi karibu nyuzi 480 za Selsiasi ili mafuta yaliyoganda yageuke jivu; komeo linalobana wakati huo linafanya kazi yake, halijaharibika. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni subira: iache oveni ipoe kabisa, zima umeme kwenye swichi kuu kwa dakika chache, kisha uwashe. Si mara chache mota ya komeo hurudi mahali pake yenyewe. Atasema mtu kwamba huko ni kubahatisha, heri kununua komeo jipya. Sikubali. Komeo ni chuma na mota tu. Kinachotoa taarifa kwamba mlango umefungwa ni kiswichi kidogo chenye ulimi mwembamba kama ukucha, na ulimi huo ukipinda, au waya wake ukilegea kwa joto, oveni inaweza kung'ang'ania kwamba imefungwa hata mlango ukiwa wazi. Kipime kiswichi hicho kwanza kwa mita, umeme ukiwa umezimwa, ndipo uulizie bei ya vipuri.