MCHONGAJI ASIUZE PEKE YAKE



Sisi wa reli twajua jambo moja: mfanyakazi akienda peke yake kwa tajiri kudai nyongeza, hurudi mikono mitupu. Leo twasema habari za ndugu zetu wachonga vinyago, maana shida yao ni hiyo hiyo.

Kazi hii ililetwa Wamunyu, Ukambani, na mzee Mutisya Munge, aliyejifunza Tanganyika wakati wa vita vya 1914–1918. Hata leo wako wengi walao kwa tezo na patasi. Lakini mchongaji aliye peke yake hana nguvu. Mlanguzi huja, ajua mtu huyu ana karo ya kulipa, amtajia bei aitakayo. Akikataa, mlanguzi huenda kwa jirani.

Wachongaji wa Changamwe, Mombasa, walianzisha chama chao cha ushirika mwaka 1963. Hiyo ndiyo njia. Bei ikipangwa pamoja, mlanguzi hapati jirani wa kumkimbilia.

Tena kuna habari ya mti. Muhugu hukua polepole sana, nao umekatwa mno. Yafaa kuchonga mwarobaini na mwembe, na kupanda mingine. Mtu mmoja mwenye njaa hawezi kungoja mti ukue, ushirika waweza.

Kwa hiyo twasema: wachongaji waingie ushirika, wasiuze kwa mlango wa nyuma. Nasi tukitaka zawadi ya kupeleka nyumbani, tununue kwao. Kidole kimoja hakivunji chawa.