Keki Hudidimia kwa Sababu, Si kwa Mkosi



Jirani yangu mmoja hapa Mbezi Beach, si mbali na kituo cha Tangi Bovu, alipokea zamu yake ya upatu akaamua kuzitia fedha hizo katika biashara ndogo ya keki. Haukupita muda akapata oda ya kwanza: keki ya kipaimara cha binti wa mtaa wa pili. Siku ilipowadia alianza kazi asubuhi, akafuata kitabu chake cha mapishi neno kwa neno, na saa sita mchana akatoa katika oveni kitu kilichoinuka kandokando na kudidimia katikati, mithili ya kitanda cha kamba kilicholegea. Akaoka ya pili. Nayo ikadidimia vilevile. Mayai kumi, nusu kilo ya siagi na nusu kilo ya sukari vikapotea, na mteja akarudishiwa fedha yake.

"Dada," aliniambia kwa huzuni, "mimi sikujaliwa mkono wa keki. Afadhali nirudi kwenye vitumbua vyangu."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu leo. Wengi wetu huamini kwamba kuna watu waliozaliwa na mkono wa keki, na wengine wakanyimwa. Si kweli. Kuna joto, kuna kipimo na kuna subira, basi. Nilimwomba aoke mara moja tu mbele yangu, nami nikakaa kitini nikatazama bila kusema neno. Kitabu chake hakikuwa na kosa. Tatizo ni kwamba kiliandikwa kwa ajili ya jiko la Uingereza, naye anapikia pwani ya Bahari ya Hindi.

Siagi na joto la pwani

Kitabu kilimwagiza aiache siagi nje hadi ilainike kwa joto la chumba. Katika nchi za baridi, joto la chumba ni kama nyuzi 20. Kwetu Mbezi Beach, mchana wa mwezi Februari, joto hupita nyuzi 30, na siagi iliyoachwa mezani kwa saa nzima huwa mafuta. Nasi hupiga siagi na sukari ili kuingiza hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoifanya keki iwe nyepesi. Siagi iliyoyeyuka haishiki hewa.

Basi itoe siagi kwenye friji dakika chache tu kabla ya kuanza. Ukiigusa kwa kidole ibonyee, lakini isikiache kidole king'ae kwa mafuta. Asiye na friji na aoke alfajiri, na bakuli lake aliweke ndani ya karai lenye maji ya mtungini.

Joto hilohilo huwaponza waokaji wa mikate. Kitabu husema unga uliokandwa uachwe uumuke kwa saa mbili. Kwa hali yetu, mara nyingi saa moja yatosha, na wakati mwingine hata haifiki. Unga ukiachwa kupita kiasi huwa na ladha ya uchachu, kisha hunywea ukiingia motoni. Kwa hiyo tazama unga, usitazame saa. Ukiwa umekuwa maradufu, umekwisha kuumuka.

Hamira nayo huharibiwa na unyevu wa bahari. Ihifadhi katika chombo chenye mfuniko unaobana. Kabla ya kuitumia, itie katika maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo. Ikitoa povu ndani ya dakika kumi, ingali hai. Maji yasiwe ya moto, kwani maji ya moto huiua.

Kijiko na yai

Kosa la pili la jirani yangu lilikuwa kijiko. Kitabu kilisema vijiko viwili vya chai vya beking pauda. Yeye alichota vijiko vilivyojaa mlima. "Nataka iinuke vizuri," alisema. Kumbe ndivyo inavyoanguka! Beking pauda ikizidi, mapovu ya hewa huwa makubwa mno, hupasuka kabla keki haijashikamana, na katikati hudidimia. Kijiko sharti kisawazishwe kwa kisu.

Wenye ndugu Mbeya au Arusha wawaambie jambo moja zaidi. Katika miji hiyo iliyo juu sana ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo na keki huinuka kwa haraka kuliko kwetu. Huko hapana budi kupunguza beking pauda kama robo ya kipimo.

Mayai nayo yaangaliwe. Yai la kuku wa kienyeji ni dogo kuliko la kuku wa kisasa, na kitabu kisemapo mayai matano, aghalabu kinamaanisha yale makubwa. Vikombe vya chai navyo havilingani. Uzito ndio usiodanganya.

Ukishatia unga, acha kupiga. Changanya kwa mwiko, polepole, hadi usiuone unga mkavu. Ngano ikivurugwa sana hutoa mnato. Mnato ni mzuri kwa mkate, bali huifanya keki iwe ngumu.

Moto, na mlango wa oveni

Kosa la tatu ndilo lililoimaliza keki ya kipaimara. Katika dakika ishirini za kwanza, jirani yangu alifungua mlango wa oveni mara tatu kuchungulia. Kila alipofungua, joto lilitoka, na keki ambayo ilikuwa bado teketeke ikaanguka. Washa oveni mapema ifikie nyuzi 180 kabla ya kutia keki, kisha usiufungue mlango mpaka dakika thelathini zipite. Umeme ukikatika wakati keki inakaribia kuiva, uache mlango umefungwa. Joto lililomo huweza kuimalizia.

Asiye na oveni asikate tamaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, unga wa ngano na sukari vilipokuwa vya kupangia foleni, mama zetu hawakuwa na nafasi ya kupoteza hata kijiko kimoja, nao wengi walioka kwa mkaa. Wenzetu wa Zanzibar hupika mkate wa kumimina kwa kupalia makaa juu. Chukua sufuria kubwa, tandaza mchanga mkavu chini, weka chombo cha keki juu yake, funika kwa mfuniko bapa na upange makaa juu ya mfuniko. Siri ni hii: moto mdogo chini, moto mwingi juu. Wengi hufanya kinyume, keki ikaungua chini na juu ikabaki mbichi.

Kanuni ya robo

Kwa asiye na mizani, mizani ya mwenye duka yatosha. Nunua robo kilo ya siagi, robo kilo ya sukari na robo kilo ya unga wa ngano. Ongeza mayai matano ya kisasa, au sita ya kienyeji, na vijiko viwili vya chai vya beking pauda vilivyosawazishwa. Piga siagi na sukari hadi viwe vyeupe, tia mayai moja moja, kisha unga uliochekechwa pamoja na beking pauda. Jaza chombo theluthi mbili tu. Choma katikati kwa njiti. Ikitoka kavu, keki imeiva. Iache ndani ya chombo kwa dakika kumi kabla ya kuitoa, na usiifunike ingali moto. Hutoa jasho, na katika hewa yetu ukungu hauchelewi.

Jirani yangu alioka tena Jumamosi iliyofuata, saa kumi na moja alfajiri, mikono akiwa ameifumbata mapajani ili asiuguse mlango wa oveni. Keki ilitoka imesimama. Aliikata vipande akawapelekea wenye ile sherehe, bila malipo, pamoja na maneno ya kuomba radhi. Juzi mama wa nyumba ile alibisha hodi kwake: mwezi ujao kuna harusi.

Haraka haraka haina baraka, ndugu msomaji, na katika uokaji haraka ina bei yake, nayo hulipwa kwa mayai. Tukijaliwa, tukutane tena Jumapili ijayo.