Baiskeli, Muze na wasomi wanaokariri Meroe

Najua nilipotea. UE zilinikaba koo, halafu likizo nikaenda nyumbani Muze, ambako mtandao unategemea umesimama upande gani wa mwembe. Sasa nimerudi Mkwawa, hata godoro sijalianika, na tayari kuna mtu kaniudhi. Kwa hiyo leo hakuna stori za bumu kuchelewa wala za foleni ya maji. Leo nina ugomvi.

Juzi kwenye chai niliwaambia washikaji kwamba likizo hii nimetoka Sumbawanga mjini mpaka Muze kwa baiskeli, nikisimama sehemu za historia njiani. Jamaa mmoja wa mwaka wa tatu, anayesomea ualimu wa Historia kama mimi, akacheka mpaka chai ikampalia. Eti baiskeli ni ya mtu aliyekosa nauli ya bodaboda. Eti mambo ya kuzunguka milimani kwa baiskeli ni ya wazungu wasio na shamba la kulima. Akamalizia kwa ile ambayo sisi wa Rukwa tunaisikia kila tukitaja kwetu: "Sumbawanga kuna historia gani zaidi ya uchawi?" Meza nzima ikacheka. Walimu watarajiwa hao, jamani.

Hilo la uchawi nalimaliza haraka maana limenichosha. Wenyeji watakwambia jina lenyewe linatokana na maneno ya kutupa uchawi, sumba wanga. Yaani mji ambao kwa jina lake unakuamuru uache mambo yako nje kabla hujaingia, ndio huo mnauita makao makuu ya wachawi. Haya, tuendelee.

Kuhusu umaskini. Wanaosema baiskeli ni ya maskini hawajawahi kuuona mteremko wa Muze. Sumbawanga mjini uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko kama mita 800. Hizo mita elfu moja katikati hazishuki polepole kama ngazi za maktaba. Uwanda wa Ufipa unakwenda na vilima vyake, nyasi, upepo, baridi ya kukuvalisha sweta saa sita mchana, halafu ghafla ardhi inakatika. Ukingo ule tunauita Lyambalyamfipa. Ukisimama juu unaliona bonde lote chini, joto linakupanda usoni kama umefunua sufuria, na siku isiyo na ukungu unaona ziwa linametameta kule mbali. Kutoka Ntendo unaiacha barabara ya Mpanda, unakata kulia kuelekea Kizungu, na mbele ya hapo kazi ni ya breki. Unashika, unaachia, unashika, unaachia, na kila baada ya kona kadhaa unasimama rimu zipoe. Ukizishika moja kwa moja hufiki nazo chini.

Sasa geuza safari. Watu wa bonde wanapanda ule mlima na Phoenix isiyo na gia, keria imefungwa gunia la mchele au tenga la samaki wa Rukwa, wanasukuma kwa mikono, jasho mpaka kwenye kandambili. Mtu huyo ndiye anayekulisha wewe mjini. Halafu mtoto wa chuo aliyekopeshwa na serikali hela ya kula anamcheka kwa chombo anachotumia! Mimi nilikuwa na baiskeli yenye gia sita na begi la mgongoni lenye maji na chapati, na kwenye kupanda nilipitwa na baba mwenye gunia. Alinisalimia vizuri tu.

Lakini kiini cha ugomvi ni hili la "hakuna historia".

Nje kidogo ya barabara, kule juu uwandani, katikati ya shamba la mahindi, kuna kitu ukipita na basi utadhani ni kichuguu kirefu. Ukiwa kwenye baiskeli, mwendo ule wa kupanda kilima huku unahema, macho yanapata muda. Nikashuka. Ni ilungu, wadau. Tanuri la kuyeyushia chuma la Wafipa, wingi wake malungu. Urefu wake unanizidi kwa mbali. Nyumba ya udongo iliyosimama kama pipa lililobanwa juu, upande mmoja umeshamomonyoka, kwenye kitako kuna matundu kuzunguka. Ndani kumeota mti.

Ngoja niwaeleze lilivyofanya kazi, maana sina uhakika kama kuna mtu darasani kwetu anaweza kulieleza. Wazee walilijenga kwa udongo wa kichuguu kwa sababu unavumilia moto. Walipanga ndani mkaa na mawe yenye chuma, tabaka kwa tabaka. Kwenye yale matundu ya chini waliingiza mirija ya udongo. Halafu hapo ndipo akili ilipo: hawakuvukuta. Hakuna mivukuto kwenye ilungu. Urefu wa tanuri wenyewe ndio uliovuta hewa, moto unapanda, hewa baridi inanyonywa chini kupitia mirija, unawaka wenyewe kwa muda mrefu. Mnayemfundisha mtoto fizikia ya hewa moto kupanda juu, hiyo hapo zana ya kufundishia, ina kimo cha watu wawili na haihitaji umeme. Chuma kilichopatikana kilikuwa bado kichafu, kikapelekwa kwenye tanuri dogo kusafishwa, na huko sasa ndiko mivukuto ilikofanya kazi, kabla ya mhunzi kupiga jembe. Wamisionari walioandika mwanzoni mwa karne ya 20 walieleza hata jinsi tanuri lilivyopambwa kama bibi harusi, na dawa zilizofukiwa chini yake. Kazi hii ilidumu mpaka ndani ya enzi ya mkoloni, majembe ya dukani yakaimaliza.

Sasa niulize. Kidato cha kwanza tulikariri nini kuhusu chuma? Meroe. Nok. Mtihani ukija, Meroe. Mimi sina chuki na Meroe, ilikuwa kubwa kweli. Lakini nimekulia Muze, na malungu yako juu ya mlima ninaouona nikiwa napiga mswaki, na mpaka namaliza kidato cha sita hakuna aliyenipeleka kuyaona. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa kwetu kabisa, aliandika tasnifu yake ya udaktari ya 1995 juu ya chuma cha Ufipa. Kwa hiyo msiniambie habari hazipo. Habari zipo, tatizo tumezizoea zile zinazokuja kwenye desa.

Na kuna jambo zito kuliko mitihani. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja kile kilichojengwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kilichojengwa baada ya hapo kinasubiri Waziri akitangaze. Pigeni hesabu wenyewe. Ilungu ambalo babu wa mtu alilijenga mwaka 1900 au 1920 limechelewa kuzaliwa. Mkulima akilisukuma ili apate tuta mbili za mahindi, au mfyatua matofali akiona udongo ule mzuri ulioshaiva, hakuna kinachomzuia moja kwa moja. Mjerumani aliyefika hapa baada ya 1884 naye alijenga baada ya tarehe hiyo, lakini yapo maboma yake yaliyopata tangazo kwa sababu kuna watu waliyasemea. Udongo wa Mfipa nani anausemea? Na unavyozidi kunyeshewa hausubiri mjadala wetu uishe.

Mwenye shamba alinikuta pale. Mzee wa makamo ya babu yangu. Nikamwamkia, akaitika marahaba, halafu swali lake la kwanza: "Mjukuu, umetumwa na nani? Unatafuta rupia?" Wadau, nchi hii kuna watu wanaamini kila jengo la zamani Mjerumani kafukia dhahabu chini yake. Wanakuja usiku na sururu. Mzee alinionyesha shimo limechimbwa katikati ya tanuri. Tanuri la Mfipa! Mjerumani wapi na wapi? Nikamweleza mimi ni mwanafunzi wa ualimu, akatulia, akasema yeye analima kuzunguka hapo kwa sababu baba yake alimkataza kuligusa. Wanawe wako mjini. Hakusema watafanya nini shamba likiwa lao, nami sikuuliza.

Kuna wanaosema tukizitangaza hizi sehemu ndio tutawaita wachimba rupia. Nawaelewa, ndio maana sitaji shamba lile liko kijiji gani. Lakini anayechimba anachimba kwa sababu hajui ni nini. Mtoto aliyefundishwa kwamba ndani ya ilungu mlikuwa na mkaa na mawe, na aliyeyaona hayo mabaki meusi kwa macho yake, utamdanganya vipi kwamba kuna sarafu?

Au chukua Milanzi, pale pale Sumbawanga, hata jasho halijakutoka. Masimulizi ya Wafipa yanasema utawala wa zamani kabisa ulikuwa Milansi, chini ya Ntatakwa aliyeshuka kutoka mbinguni. Siku mfalme hayupo wakaja wanawake watatu wageni, na mke wa mfalme akawapa kigoda cha utawala. Mfalme akarudi, kigoda kimeshakaliwa. Ndiyo chimbuko la ukoo wa Twa uliokuja kuitawala Ufipa, na Milansi ikabaki na heshima ya kimila. Wanawake watatu wanapindua nchi bila mshale mmoja! Hiyo ndiyo ya kumfundishia mtoto siasa. Mtaalamu Mwingereza, Roy Willis, aliandika kitabu kizima kilichotoka mwaka 1981 juu ya mambo haya, na sisi tunapita pale na basi tumelala mdomo wazi.

Chini bondeni nako hakukauki. Zimba kuna misheni ya zamani ya White Fathers. Lenyewe Ziwa Rukwa halina mto wa kutolea maji, linapanuka na kusinyaa miaka ikienda, na nyika zake ni mojawapo ya mazalia ya nzige wekundu. Kwenye ule uvamizi mkubwa wa 1930 hadi 1944 nzige hao walikula mazao ya nusu ya Afrika, na mwaka 1949 likaundwa shirika la kimataifa kwa ajili yao tu. Bonde lenu la "uchawi" hilo.

Na hili la uzungu. Ni kweli, tangu 2003 kuna mbio za Tour d'Afrique, Kairo mpaka Cape Town, na wanaoziendesha wengi ni wageni, wanapita nchini kwetu. Wanapita na kijitabu, wanajua zaidi yetu. Sasa dawa yake ni sisi kubaki tumekaa? Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Rais! Alikuwa na magari. Alijua kuna vitu mtu havioni dirishani.

Hapa chuoni Kalenga iko kama kilomita 15 tu, Isimila kama 20. Tunakwenda mara moja na kosta ya kukodi, picha mbele ya jumba la fuvu la Mkwawa, soda, tumerudi. Vilima vyote vya katikati tumevikosa. Na ndio sisi tutakaokabidhiwa hili somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili. Mtafundisha nini, mnaomcheka mtu wa baiskeli? Mtasimama mbele ya watoto wa Kifipa mwanzo wa Januari na kuwaimbia Meroe?

Sijasema mpeleke kidato cha kwanza kwenye mteremko wa Kizungu, msije mkaniwekea maneno mdomoni. Pale kuna malori, kuna vumbi, kuna kona ambazo hata mimi nashuka nakokota. Nimesema mwalimu mwenyewe apande kwanza. Kila kijiji alichopangiwa kina njia, kina wazee, kina kilima chenye jina. Ajue kilichopo, akiandike, apeleke barua ofisi ya kijiji na ya afisa utamaduni wa wilaya, aombe kitangazwe. Barua ni karatasi moja. Nimeshaandika yangu, mzee mwenye shamba ameniruhusu kumtaja kwenye barua, na naipeleka mwenyewe nikirudi.

Nikianza TP nitaomba nipangiwe Rukwa, mkicheka chekeni. Jumamosi hii tunaanzia na Kalenga, saa kumi na mbili asubuhi getini. Tuko wanne, baiskeli tatu, kwa hiyo mwenye ya ziada aseme mapema. Kila mtu aje na tyubu yake na kipande cha mpira cha kuzibia. Pampu ninayo mimi. Yule jamaa wa mwaka wa tatu nimeshamwambia, amesema atafikiria.