Porsche ya mwenzio, deni lako!

Ndugu msomaji, una kijana wako Marekani. Wengi wetu tunaye, kama si mtoto basi mpwa au shemeji. Siku moja inaingia picha: kijana kasimama pembeni ya gari jekundu lililolala chini kama mjusi, mlango wazi, miwani myeusi usoni. Ukoo mzima unapiga vigelegele. Mama mdogo anaanza kuhesabu mabati ya nyumba yake. Hakuna hata mmoja anayeuliza gari hilo ni la nani.

Tutauliza sisi, tena bila kumung'unya maneno. Mengi ya magari ya fahari unayoyaona kwenye barabara za kule si mali ya wanaoyaendesha. Ni mali ya mabenki na kampuni za fedha. Anayeshika usukani amelikodi kwa mkataba, aghalabu wa miezi 24 au 36. Kila mwezi analipia thamani ya gari inayopungua, juu yake riba, juu yake kodi ya jimbo. Mkataba ukiisha anarudisha ufunguo, anapanda basi kama wewe na mimi.

Humo ndani imezaliwa biashara nyingine, nayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu: kurithi mkataba wa mtu. Bwana mmoja kakodi Porsche 911 wakati mambo yake yamenyooka. Kazi ikaota mbawa, au mkewe kajifungua mapacha na gari lenyewe halina pa kuweka hata beseni. Akilirudisha kabla ya wakati, kampuni itamkamua mpaka tone la mwisho. Basi anatafuta mtu wa kumtua mzigo. Anatangaza: "Chukua gari langu, malipo ni yale yale, wala hutoi kianzio." Kijana wetu anaona nyota ya jaa imemwakia.

Tupige hesabu, msomaji, maana hesabu haina chama. Chukua mfano wa mkataba wa miezi 36, dola 1,500 kwa mwezi, ruhusa ya maili 10,000 kwa mwaka. Miezi 22 imekwisha, imebaki 14. Kijana ataona dola 21,000 mbele yake na kusema ninazimudu. Sasa mwambie achungulie mita. Ikisoma maili 26,000, basi katika zile 30,000 za mkataba zimebaki 4,000 tu. Gawa kwa miezi 14: ni kama maili 285 kwa mwezi. Huko kwenda kazini na kurudi tu kunazimaliza kabla ya wiki mbili! Akitembea maili 1,000 kwa mwezi atazidisha maili 10,000, na kama mkataba unatoza senti 50 kwa kila maili iliyozidi, siku ya kurudisha gari atadaiwa dola 5,000. Nani kazila hizo maili? Mwenzie. Nani analipa? Yeye.

Na si maili peke yake. Gari linaporudishwa hukaguliwa. Ringi iliyokwaruzwa kwenye ukingo wa barabara, tairi lililokwisha, tundu la sigara kwenye kiti, vyote vinaandikwa kwa jina la aliyelirudisha. Matairi ya gari la mbio si ya Corolla. Kuna magari ya namna hii yenye breki za kauri, ambazo kubadilisha seti nzima kunapita dola 10,000. Kwa hiyo kabla ya kutia saini gari lipelekwe kwa fundi ambaye hamjui muuzaji, lipigwe picha kila upande, na kila kasoro iandikwe na kusainiwa na wote wawili.

Hapa ndipo tunapotaka kijana asimame kiume, au kike. Katika mazungumzo haya mwenye haraka ni yule anayetaka kutoka. Kila mwezi unaopita dola 1,500 zinamtoka. Atakuja na hadithi kwamba alitoa kianzio cha dola 8,000, kwa hiyo arudishiwe walau nusu. Danganya toto hiyo! Kianzio kilishaliwa na kampuni siku ya kwanza. Kitu pekee cha kurudishiwa ni dhamana, kama aliiweka na kama mkataba unasema hurudishwa. Kinyume chake, yeye ndiye atoe. Aombwe dola 3,000 taslimu, na ile miezi 14 itamgharimu kijana 18,000 badala ya 21,000, yaani chini kidogo ya dola 1,290 kwa mwezi. Halafu aombwe afidie maili alizozitafuna. Ada ya kuhamisha mkataba, ambayo kampuni hutoza, ailipe yeye. Akikataa yote hayo, aachwe na gari lake. Magari hayajaisha Marekani.

Kuna la kununua pia. Mkataba hutaja bei ambayo mkodi anaweza kulinunua gari mwishoni. Mwaka 2021 na 2022, magari yalipokuwa haba baada ya janga la korona, bei hiyo mara nyingi ilikuwa chini ya bei ya soko, na waliorithi mikataba wakati ule waliokota dodo chini ya mwarobaini. Usidhani kila mwaka ni huo. Magari ya umeme ya fahari, kama Porsche Taycan, yameporomoka thamani vibaya sana, na bei ya kununulia iliyoandikwa zamani sasa ni mzaha mtupu. Gari la namna hiyo likodi, lirudishe.

Mtu atasema: si kuna sheria? Ipo. Ni ya mwaka 1976, sheria ya shirikisho inayoilazimisha kampuni kumwandikia mkodi gharama zote wazi. Lakini ina mwanya. Kwanza, kanuni zake zinasema mkataba ukirithiwa na mtu mwingine, kampuni hailazimiki kumwandikia huyo mpya taarifa upya. Pili, ina kikomo cha fedha: kilikuwa dola 25,000, mwaka 2011 kikawa 50,000, na kwa mwaka 2025 kiliwekwa 71,900. Mkataba ambao jumla ya madai yake inapita hapo hauguswi na sheria hiyo. Dola 2,000 kwa mwezi kwa miezi 36 ni 72,000, kwa kikomo cha mwaka 2025 tayari ulikuwa nje! (Wakubwa wa Washington waliona mwenye Ferrari ana wakili wake. Hawakumfikiria kijana wetu.) Kwa hiyo nakala ya mkataba wa awali aidai mwenyewe, aisome yote, na aipigie simu kampuni yenye gari kuuliza kama malipo yote yamefanyika, kama uhamisho unaruhusiwa, na kama yule wa kwanza anaachiliwa kabisa. Zipo kampuni zinazokataa uhamisho katakata, na zipo zinazokubali lakini humbakisha wa kwanza kuwa mdhamini hadi siku ya mwisho.

Sasa tufike kwenye donda lenyewe. Kampuni humpima mrithi kwa rekodi yake ya mikopo, kama vile anaomba gari jipya. Vijana wetu wengi hawana rekodi ndefu kule, na wananyimwa. Ndipo mjanja anapokuja na suluhisho la gizani: "Kaka, achana na kampuni. Jina libaki langu, wewe endesha, nitumie hela kila tarehe moja." Wanapeana mikono, pengine ni watu wa kijiji kimoja, wanakula pilau.

Msomaji, huo si mkataba, ni mtego wa panya wanaoingia wote wawili. Kijana anaweza kulipa miezi kumi bila kukosa, mwenzie akazila hizo fedha, na asubuhi moja likaja gari la kuvuta likaondoka na Porsche, yeye akabaki na stakabadhi zisizotambuliwa na mtu. Au kijana akagonga, bima ikauliza nani huyu anayeendesha, ikakataa kulipa. Hapo mwenye jina anadaiwa gari zima, na urafiki wa kijiji kimoja unaishia mahakamani.

Mpigie kijana wako leo. Kama bado hajatoa hela, asitoe hata senti kabla ya kampuni kumpa barua yenye jina lake kamili na tarehe ya uhamisho, na bima isome jina hilo hilo. Ahesabu na funguo. Lazima ziwe mbili, maana moja ikikosekana siku ya kurudisha, atalipia yeye.