Swali la Almasi Lisichekwe

Wiki iliyopita kwenye semina ya kemia, dada mmoja wa mwaka wa kwanza alinyoosha mkono akauliza: "Kama almasi na ncha ya penseli zote ni kaboni, mbona almasi haiandiki?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwongoza semina naye akatabasamu, akatusomea maana ya alotropi kutoka kwenye slaidi, tukaendelea. Yule dada hakuuliza tena.

Jamani, lile lilikuwa swali zuri kuliko yote siku ile, na wengi waliocheka wasingeweza kulijibu. Madesa yanasema alotropi ni maumbo tofauti ya elementi moja. Ukikariri hivyo unapata alama zako mbili. Lakini tofauti yenyewe iko wapi?

Iko kwenye namna atomi zinavyoshikana. Ndani ya almasi kila atomi ya kaboni imefungamana na nyingine nne, pande zote, ndiyo maana ni ngumu kiasi cha kukata kioo. Kwenye grafiti, ambayo huchanganywa na udongo kutengeneza ncha ya penseli, kila atomi imeshikana na tatu tu, zikafanya matabaka membamba kama karatasi. Tabaka lenyewe ni imara, ila tabaka na tabaka hazishikani sana, zinateleza. Unapoandika, unaacha matabaka hayo kwenye daftari. Na kama bado unabisha kwamba almasi ni kaboni kweli, Mwingereza Smithson Tennant aliichoma mwaka 1797 akapata kaboni dioksidi, kiasi kilekile ambacho ungepata kwa kuchoma kaboni ya uzito huohuo. (Zoezi la gharama hilo, usijaribu na pete ya mtu.)

Juzi kwenye diskasheni niliandika 3O₂ na 2O₃ ubaoni. Tulikuwa sita; wanne wakasema ni kitu kimoja, kwa sababu kote kuna atomi sita za oksijeni. Hesabu yao ni sahihi kabisa! Ila ya kwanza ni molekuli tatu za oksijeni tunayovuta, ya pili ni molekuli mbili za ozoni, gesi inayotukinga na miale ya jua ikiwa juu angani lakini ikiwa huku chini inaumiza mapafu. Hawa wanne wote walifaulu kidato cha sita.

Waongoza semina, tupeni dakika kumi tu za maswali ya "kijinga", na anayecheka ndiye ajibu.

Na wewe dada, kama unasoma hapa, sisi tunakutana Jumatano saa mbili usiku. Njoo na penseli.