Kompyuta yako haijafa, usidanganywe

Mfanyabiashara wa mahindi ameniambia fundi kamshauri atupe kompyuta yake anunue nyingine. Kosa lake nini? Inatumia Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa mashine nyingi za zamani.

Huo ni ushauri wa muuzaji. Mpini ukivunjika hutupi jembe, unatia mpini mwingine.

Mpini huo upo, tena wa bure: Linux Mint. Toleo lake la Xfce ni jepesi. RAM ya GB 4 inatosha vizuri. Ndani yake mna LibreOffice, inayofungua mafaili ya Excel, hivyo daftari la madeni na hesabu za kikundi hazipotei.

Kinachoniudhi zaidi ni wanaowawekea watu Windows ya wizi. Hujui wamepachika nini humo, nawe humo humo unatunza fedha za wanachama!

Ila usikurupuke. Nakili kwanza mafaili yote kwenye flashi, maana diski ikifutwa imefutwa. Kisha mwambie fundi aweke Mint kwenye flashi nyingine na kuwasha kompyuta kutokea hapo, bila kugusa diski. Jaribu printa, jaribu modemu, fungua hesabu zako. Kama una programu ya mauzo iliyotengenezwa kwa Windows pekee, huenda ikagoma, kwa hiyo uliza mapema.

Fundi akikataa hata kukujaribishia, tafuta mwingine.