Mchuzi wa Kijapani na Mafuta Yake

Ijumaa moja hapa Machakos, baada ya kutoka msikitini, niliwaalika wenzangu watatu nyumbani waje kuonja mchuzi wa Kijapani. Nilikuwa nimenunua dukani kile kipande kinachofanana na chokoleti, ambacho ukikitia katika supu ya nyama na viazi, mara mchuzi huwa mzito. Sufuria inanukia, wali uko tayari. Mgeni mmoja akaokota karatasi ya pakiti, akasoma maandishi madogo, akanipa: "Ndugu yangu, hebu soma hapa." Mlikuwa na mafuta ya nguruwe! Siku hiyo tulikula wali kwa kachumbari, na sufuria nzima nikaimwaga.

Tangu hapo nimesikia maneno ya namna mbili. Wako wanaoniambia niachane kabisa na vyakula vya watu. Wako wasemao, Mjapani ajua nini juu ya mchuzi? Mimi nasema wote wamekosea.

Kwanza, mchuzi huu ni ndugu wa mchuzi wetu, na asili yake ni Bara Hindi. Sisi watu wa Pwani tuliletewa bizari na majahazi. Wajapani waliipata kwa mkono wa Waingereza katika karne ya 19, na ndiyo sababu wao huunga mchuzi kwa unga wa ngano. Kisha wakaugeuza kuwa wao. Mwaka 1963 kampuni ya House ilitoa ule uitwao Vermont Curry, wenye tofaa na asali. Na hata leo mabaharia wa jeshi la majini la Japani huula kila Ijumaa, kama sisi na pilau yetu.

Pili, haramu haimo katika mchuzi, imo katika mafuta ya kiwandani. Vipande vingi hutengenezwa kwa mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na ya nguruwe. Vyenye alama ya halali vipo, lakini kwa nini tuhangaike kuvitafuta na jiko tunalo?

Kaanga vitunguu kwa moto mdogo hata viwe rangi ya kahawia, usifanye haraka. Pembeni yeyusha vijiko vitatu vya samli, tia vijiko vitatu vya unga wa ngano, ukoroge kwa mwiko bila kuacha mpaka unga uive na kunukia. Epua, ndipo utie bizari kijiko kimoja na nusu, maana bizari ikiungua huwa chungu. Tia supu kidogo kidogo usije ukafanya madonge, kisha mimina yote juu ya vile vitunguu, nyama, viazi na karoti vilivyokwisha kuiva. Badala ya tofaa, mimi huponda embe bivu la huku Machakos. Na mchuzi huu ukilala hata kesho yake, ndipo unapokolea.

Dini haikutukataza vyakula vya wageni. Yatutaka tujue tunachokula. Tusikimbie sahani ya mgeni, wala tusiipokee tukiwa tumefumba macho.

Wale wenzangu watatu niliwaalika tena. Walikula, wakaongeza. Yule msomaji wa karatasi aliniuliza neno moja tu:

"Mafuta ya nini haya?"

"Samli," nikamjibu, "na nimeiyeyusha kwa mkono wangu."